Faiawoli za Wingu: Nani Ashike Funguo za Mtandao wa Biashara?

Septemba 2025, kampuni ya Marekani ya SonicWall, mtengenezaji wa vifaa vya kulinda mitandao ya biashara, ilitangaza kwamba wadukuzi walikuwa wameingia kwenye huduma yake ya wingu inayohifadhi nakala za mipangilio ya faiawoli za wateja. Mwanzoni ilisema faiawoli zilizoguswa hazifiki asilimia 5. Oktoba ikasahihisha kauli: walioguswa ni wateja wote waliokuwa wakiitumia huduma hiyo ya nakala.

Habari hiyo iliwaongezea wasiwasi wenye biashara ambao tayari walikuwa njia panda. Muuzaji anawaambia wanunue faiawoli inayosimamiwa kutoka kwenye wingu, waichomeke, kisha walale usingizi. Fundi wao wa TEHAMA anasema mwenye akili hakabidhi funguo zake kwa kampuni iliyo ng'ambo. Mhasibu anauliza kwa nini kifaa kilichokwisha kulipiwa kinadai leseni kila mwaka. Katikati ya kelele hizo zimezagaa imani zisizo sahihi: kwamba barua pepe na mauzo yote ya kampuni hupitia kwanza kwa mtengenezaji, kwamba wingu lisipofikika ofisi nzima inazimika, au, upande wa pili, kwamba kifaa kikishanunuliwa suala la usalama limekwisha.

Mkanganyiko huu unatokana na kuchanganya maswali matatu yanayostahili kujibiwa kila moja peke yake: data ya biashara inapita wapi, amri za kuiongoza zinatoka wapi, na nani anafanya kazi ya matunzo mwaka hadi mwaka. Uchambuzi huu unayatenganisha maswali hayo, unapima hoja za kila upande, kisha unaeleza ni biashara ya aina gani inafaidika na upande upi.

Kazi ya kifaa, na mahali wingu linapoingia

Faiawoli ya biashara hukaa kati ya mtandao wa ndani na laini ya mtoa huduma ya intaneti. Kazi yake ya asili ni kuruhusu au kuzuia mawasiliano kwa kufuata kanuni zilizowekwa. Vifaa vya leo vina majukumu zaidi. Hutenga Wi-Fi ya wageni na kompyuta za malipo, hukagua dalili za mashambulizi, huzuia makundi ya tovuti, huunganisha matawi kwa VPN (njia ya siri iliyosimbwa ndani ya intaneti), na huhamia kwenye laini ya simu pale mkongo unapokatika.

Ndani ya kifaa kuna kazi mbili. Moja ni kupitisha na kukagua data. Nyingine ni usimamizi: kuweka kanuni, kufunga masasisho, kutoa ripoti. Katika faiawoli ya kawaida kazi zote mbili ziko kwenye sanduku lile lile. Katika faiawoli ya wingu, kazi ya kwanza inabaki ofisini na ya pili inahamia kwenye seva za mtengenezaji. Kifaa kikiwashwa, chenyewe hufungua njia iliyosimbwa kwenda kwenye wingu, hujitambulisha kwa namba yake, kisha huchukua mipangilio iliyoandaliwa. Msimamizi, awe ofisini au safarini, huingia kwenye dashibodi kwa kivinjari na kubadilisha anachotaka.

Ukishauelewa mgawanyo huu, nusu ya hofu hupungua. Barua pepe na hesabu za mauzo hazipitii kwa mtengenezaji kwa sababu tu faiawoli inasimamiwa huko. Zinakwenda moja kwa moja zinakokwenda. Vilevile, wingu lisipofikika, kifaa huendelea kufanya kazi kwa mipangilio yake ya mwisho. Kinachokosekana ni uwezo wa kubadilisha kanuni na kuona ripoti, pamoja na huduma chache zinazotegemea jibu la papo hapo kutoka kwenye wingu, kama kurasa za kuwaingiza wageni kwenye Wi-Fi.

Hata hivyo, si kweli kwamba hakuna kinachotoka ofisini. Mipangilio ya mtandao, majina ya kompyuta na simu za wafanyakazi, kiasi cha matumizi, kumbukumbu za matukio, na mara nyingi orodha ya tovuti zilizotembelewa, vyote hukaa kwenye seva za mtengenezaji. Kwa mdukuzi, hiyo ni ramani ya nyumba. Kwa sheria za faragha, sehemu yake ni taarifa binafsi za watu.

Kwa nini usimamizi ulihama

Mtindo huu ulienezwa zaidi na Meraki, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2006 na watafiti waliotoka kwenye mradi wa Wi-Fi wa Chuo Kikuu cha MIT nchini Marekani. Ilianza na vifaa vya Wi-Fi, ikaongeza faiawoli na swichi, na mwaka 2012 Cisco ikatangaza kuinunua kwa dola bilioni 1.2. Leo Fortinet, Sophos, SonicWall, WatchGuard na Ubiquiti zote zina dashibodi zao za wingu.

Sababu za kuenea kwake ni nne. Kwanza, biashara zimekuwa za matawi mengi. Duka la dawa lenye vituo 12 haliwezi kuajiri mhandisi wa mtandao kwa kila kituo. Pili, wahandisi wenyewe ni wachache na mishahara yao ni mikubwa, hivyo mmoja analazimika kuhudumia mitandao mingi akiwa mbali. Tatu, matundu ya usalama kwenye faiawoli zenyewe yamekuwa yakigunduliwa mara kwa mara, na wadukuzi huyavamia ndani ya siku au hata saa chache baada ya kutangazwa. Kifaa kinachongoja fundi aje mwisho wa mwezi kimechelewa.

Sababu ya nne haisemwi sana na wauzaji. Kifaa kinachouzwa mara moja humpa mtengenezaji fedha mara moja, lakini kinachotegemea wingu humpa mapato ya kila mwaka. Ndiyo maana mtindo huu umesukumwa kwa nguvu hata kwa wateja ambao hawauhitaji. Hoja za kiufundi zinaweza kuwa za kweli, na bado yanayomfaa muuzaji yasiwe yote yanayomfaa mnunuzi.

Hoja ya wanaounga mkono

Hoja yao nzito kuliko zote inahusu vifaa vilivyosahaulika. Mfano mzuri ni ruta za MikroTik, kampuni ya Latvia ambayo vifaa vyake vimeenea Afrika Mashariki kwa sababu ya bei nafuu na uwezo mkubwa. Mwaka 2018 liligunduliwa tundu lililomwezesha mtu aliye mbali kusoma manenosiri ya ruta hizo. Kampuni ilitoa kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu hilo, mapema, mwezi Aprili mwaka huo huo. Pamoja na hayo, mwaka 2021 dunia ilishuhudia mashambulizi makubwa ya kuzidisha maombi kwenye tovuti yaliyofanywa na jeshi la ruta zilizotekwa, lililopewa jina la Mēris, na MikroTik ikaeleza kwamba ruta hizo ndizo zile zilizoingiliwa mwaka 2018. Nyingine hazikusasishwa, nyingine zilisasishwa lakini nenosiri lililokwisha kuibwa halikubadilishwa. Kiraka kilikuwepo miaka yote mitatu. Aliyekosekana ni mtu wa kuifanya kazi.

Mfano wa pili unaonyesha upande wa pili wa jambo hilo hilo. Aprili 2020, wadukuzi walivamia faiawoli za Sophos kwa kutumia tundu ambalo lilikuwa halijajulikana. Serikali ya Marekani baadaye ilieleza kwamba faiawoli zipatazo 81,000 duniani ziliguswa, na Desemba 2024 ikaiwekea vikwazo kampuni moja ya China pamoja na mfanyakazi wake. Siku chache tu baada ya kulibaini shambulio, Sophos ilituma kiraka moja kwa moja kwenye vifaa vilivyoruhusiwa kupokea marekebisho bila kungoja mkono wa mtu. Hakuna mkuu wa TEHAMA mwenye matawi 30 ambaye angeweza kuyazungukia yote kwa kasi hiyo.

Faida nyingine ni za kila siku. Kanuni moja huwekwa mara moja na kufika matawi yote, kwa hiyo hakuna tawi linalobaki na mlango wazi kwa sababu fundi alisahau. Dashibodi huandika nani alibadilisha nini na lini. Kifaa kinaweza kusafirishwa kwa basi hadi Mwanza au Kisumu, mhasibu wa tawi akakiunganisha na laini, nacho kikajipanga chenyewe. Na kwa kuwa kifaa ndicho kinachoanzisha mawasiliano na wingu, hakuna haja ya kuacha ukurasa wa usimamizi wazi kwa dunia nzima, kosa ambalo limeziponza faiawoli nyingi za kawaida.

Udhaifu wa hoja hii upo sehemu mbili. Kwanza, sasisho linalojituma lenyewe likiwa bovu, ubovu nao hufika kote kwa kasi ile ile. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho lenye hitilafu la programu ya ulinzi ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 na kukwamisha viwanja vya ndege na hospitali katika nchi nyingi. Programu hiyo si faiawoli, lakini mantiki ni moja. Pili, wepesi wa dashibodi huzaa usingizi. Biashara nyingi hufunga kifaa, hukiachia mipangilio ya kiwandani, na hakuna anayesoma tahadhari zinazotumwa. Wingu linaweza kusasisha programu, lakini halimzuii mfanyakazi kutoa nenosiri lake kwa tapeli aliyejifanya benki. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya mawasiliano ya tovuti leo imesimbwa, faiawoli yoyote, ya wingu au ya kawaida, huona kidogo kuliko matangazo yanavyodai.

Hoja ya wanaopinga

Wapinzani wanaanza na mrundikano wa hatari. Faiawoli 1,000 zinazosimamiwa na watu 1,000 zinahitaji mashambulizi 1,000, lakini zikisimamiwa kutoka sehemu moja zinahitaji moja tu. Kisa cha SonicWall ni ushahidi wao wa karibuni. Nacho si cha pekee. Desemba 2023, baadhi ya wateja wa Ubiquiti walifungua dashibodi zao na kukuta vifaa vya watu wengine. Kampuni ilieleza kwamba kosa la mipangilio kwenye wingu lake lilikuwa limeunganisha akaunti 1,216 na kundi la akaunti nyingine 1,177. Kabla ya hapo, kampuni hiyo hiyo ilikuwa imeibiwa data na mfanyakazi wake mwenyewe mwenye ruhusa za ndani, ambaye Mei 2023 alihukumiwa kifungo cha miaka sita nchini Marekani. Hata uzembe wa kawaida hutosha: Agosti 2017, wahandisi wa Meraki walifanya badiliko lililofuta sehemu ya data za wateja wa kanda ya Amerika Kaskazini, kama nembo na ramani za majengo, ingawa kanuni za mitandao yenyewe hazikupotea.

Hoja ya pili ni umiliki. Katika utaratibu wa leseni ambao Meraki iliutumia kwa miaka mingi, leseni ikiisha mteja hupewa siku 30 za nyongeza, kisha kifaa huacha kuhudumia mtandao. Kifaa cha namna hii kinafanana na fremu ya duka: meza na rafu umeweka kwa fedha zako, lakini kodi isipolipwa mlango unafungwa. Watengenezaji wengine ni wapole zaidi. Kwao, leseni ikiisha mteja hukosa masasisho na ukaguzi wa vitisho vipya, huku kazi ya msingi ya kupitisha na kuzuia mawasiliano ikiendelea. Tofauti hii haionekani kwenye vipeperushi. Iko kwenye maandishi madogo ya mkataba, na ndiyo huamua kama biashara yenye ukata wa miezi miwili itabaki hewani.

Hoja ya tatu ni faragha na mamlaka ya kisheria. Taarifa za mtandao zikikaa kwenye seva za nchi nyingine, zinakuwa pia chini ya sheria za nchi hiyo, na mteja mdogo hana sauti ya kujadili masharti.

Nayo hoja hii ina nyufa zake. Kukaa na funguo zako hakukufanyi salama. Januari 2025, kundi la wadukuzi lilimwaga mtandaoni mipangilio na manenosiri ya faiawoli za FortiGate zaidi ya 15,000. Data hizo zilikusanywa mwaka 2022 kupitia tundu lililokuwa kwenye ukurasa wa usimamizi wa vifaa vyenyewe, bila kupitia wingu la mtu yeyote. Aidha, katika biashara nyingi ndogo "usimamizi wa ndani" maana yake ni fundi mmoja anayejua nenosiri, ambaye hakuandika chochote mahali popote. Akipata kazi kwingine, au wakigombana na mwajiri, mtandao unabaki bila mwenyewe. Mrundikano wa hatari anaouogopa mpinzani wa wingu upo hapo pia, kwa kipimo kidogo: umerundikwa kichwani mwa mtu mmoja.

Wanaotafuta njia ya tatu

Kati ya pande hizi mbili wapo wenye mapendekezo mengine, na matatu yanastahili kutajwa.

La kwanza ni kuhamisha kazi yote, siyo usimamizi peke yake. Mwaka 2019 kampuni ya utafiti ya Gartner iliupa mtindo huu jina la SASE. Hapa data yenyewe hupelekwa kwenye vituo vya kampuni kama Zscaler au Cloudflare, hukaguliwa huko, kisha huendelea na safari. Unawafaa wafanyakazi wanaofanya kazi nyumbani au safarini, ambao faiawoli ya ofisini haiwaoni. Lakini utegemezi unakuwa mkubwa zaidi: katika mtindo huu ile hofu ya kwamba kila kitu kinapitia kwa mtu mwingine ni ya kweli, na kituo cha ukaguzi kikiwa mbali, kasi inapungua.

La pili ni kuwa na dashibodi yako mwenyewe. Programu huria kama pfSense na OPNsense hazidai leseni ya mwaka, na baadhi ya watengenezaji huuza programu ya kusimamia vifaa vyote kutoka kwenye seva ya mteja. Njia hii inatoa mamlaka kamili na gharama ndogo ya ununuzi. Gharama yake halisi ni mshahara wa mtu anayeijua, na seva hiyo ya usimamizi nayo inahitaji kulindwa na kusasishwa.

La tatu ni kukodi kampuni ya TEHAMA ya nyumbani isimamie kila kitu. Faida yake ni kubwa: unapata mtu anayeongea lugha yako, anayefika tatizo likitokea, na mkataba unaoweza kuushtakia nchini. Hata hivyo kampuni hiyo hushika funguo za wateja wengi kwa pamoja, na wadukuzi wanalijua hilo. Julai 2021, kundi la wadukuzi la REvil lilipenya kwenye programu ya Kaseya inayotumiwa na kampuni za namna hiyo, na biashara zinazofikia 1,500 zikafungiwa kompyuta na kudaiwa fidia, nyingi zikiwa wateja wa kampuni hizo.

Mazingira yetu yanabadilisha nini

Vipeperushi huandikwa kwa ajili ya ofisi yenye umeme usiokatika na laini isiyoyumba. Afrika Mashariki inaongeza mambo manne kwenye mizani.

La kwanza ni mkongo. Mwaka 2024, nyaya kadhaa za Bahari ya Shamu, ikiwemo ya Seacom, zilikatika kutokana na meli iliyopigwa na kuburuta nanga. Kisha tarehe 12 Mei mwaka huo huo, EASSy na Seacom zilikatika kwa pamoja kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Siku kama hiyo faiawoli ya wingu haizimiki, lakini dashibodi iliyo ng'ambo inaweza isifikike saa ile ile mhandisi anapohitaji kuhamisha mawasiliano ya matawi. Hivyo kuna mambo mawili ya kuhakikisha: kwamba kifaa kina ukurasa wa ndani wa kubadilisha angalau mipangilio ya laini, na kwamba laini ya pili inatoka kwa mtoa huduma ambaye hategemei mkongo ule ule. Laini mbili zinazoishia kwenye waya mmoja baharini ni laini moja yenye bili mbili.

La pili ni umeme. Faiawoli huanguka kila umeme unapokatika iwapo haina betri ya akiba, na kuzimika kwa ghafla katikati ya sasisho kunaweza kukiharibu kifaa. Muda wa masasisho upangwe kulingana na mgao wa eneo husika, siyo saa aliyoichagua mtengenezaji kwa wateja wake wa California.

La tatu ni dola. Leseni nyingi hupangwa bei kwa dola. Januari 2024 shilingi ya Kenya ilivuka 160 kwa dola moja, na katikati ya mwaka ikawa imerudi karibu na 130. Leseni ile ile ingeweza kutofautiana kwa karibu robo ya bei kutegemea mwezi wa kulipa. Nchini Tanzania, kanuni za mwaka 2025 zimepiga marufuku kutaja bei za ndani kwa fedha za kigeni, lakini bei ya shilingi anayoitaja muuzaji bado inafuata gharama yake ya dola. Kulipia miaka mitatu kwa mkupuo kunamkinga mteja dhidi ya kupanda kwa dola, na kunamfunga kwa chapa moja kwa muda huo wote.

La nne ni sheria. Kenya na Uganda zilitunga sheria za ulinzi wa data mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Kwa jumla sheria hizi hazikatazi kuweka taarifa nje ya nchi, bali zinaweka masharti. Nchini Kenya, data zikivuja kwa namna inayowatia wahusika hatarini, Kamishna wa Data anapaswa kujulishwa ndani ya saa 72. Bila kumbukumbu za faiawoli, kampuni haiwezi kueleza kilichotokea. Kwa hiyo ni muhimu kujua dashibodi inatunza kumbukumbu kwa muda gani na kama zinaweza kunakiliwa kwenye seva ya ndani. Tanzania ina jambo jingine la ziada: Oktoba 2023, mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, TCRA, iliwataka watu na kampuni zinazotumia VPN kusajili taarifa za matumizi hayo. Kuunganisha matawi kwa VPN ni moja ya kazi kuu za vifaa hivi, hivyo mwanasheria wa kampuni alijue hilo kabla fundi hajabofya kitufe.

Kupima mizani

Ukiondoa maneno ya mauzo na hofu za mafundi, kinachobaki ni uchaguzi kati ya hatari mbili. Ya kwanza ni ya kutelekeza: kifaa kipo, ni chako, lakini hakuna anayekitunza. Waswahili waliisema zamani, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ya pili ni ya kutegemea: kifaa kinatunzwa vizuri, lakini na mtu ambaye humwoni, kwa masharti usiyoyaandika. Nayo ina methali yake, mtegemea cha ndugu hufa maskini. Faiawoli ya wingu hupunguza ya kwanza kwa kuongeza ya pili. Ya kawaida hufanya kinyume chake. Hakuna inayofuta zote mbili.

Kwa hiyo jibu linategemea ni hatari ipi iliyo karibu zaidi na biashara husika. Mnyororo wa maduka, shule zenye kampasi kadhaa, SACCOS yenye matawi mikoani, au hoteli isiyo na mhandisi wa kudumu, vyote vinakabiliwa zaidi na hatari ya kutelekeza. Kwao faiawoli ya wingu ina faida ya wazi, kwa sharti kwamba leseni imo kwenye bajeti ya kila mwaka na akaunti ya dashibodi ni ya kampuni, siyo ya fundi.

Benki, hospitali kubwa na taasisi za umma zina wahandisi, zina wakaguzi, na zina data ambazo kuvuja kwake ni balaa. Hizi zina uwezo wa kushika usimamizi wenyewe, au kuchanganya: dashibodi ya ndani kwa makao makuu na mifumo nyeti, wingu kwa matawi madogo. Kampuni ya teknolojia yenye mafundi wazuri inaweza kutumia programu huria na kuokoa fedha nyingi, mradi uongozi usijidanganye kwamba ujuzi huo hauna gharama.

Ofisi moja yenye watu watano mara nyingi haihitaji faiawoli ya gharama kubwa ya aina yoyote. Ruta iliyosasishwa, manenosiri imara, uthibitisho wa hatua mbili kwenye barua pepe na nakala za data zilizohifadhiwa pembeni vitaikinga zaidi kuliko sanduku la dola elfu moja ambalo tahadhari zake hazisomwi.

Kwa yeyote anayeelekea kusaini, maswali yafuatayo yajibiwe kwa maandishi:

1. Leseni ikiisha, kifaa kinaendelea kupitisha data au kinasimama, na baada ya siku ngapi?
2. Wingu lisipofikika, ni kazi zipi zinaendelea na zipi zinakoma?
3. Ni taarifa gani zinatoka ofisini, zinahifadhiwa nchi gani, na kwa muda gani?
4. Nani ana ruhusa ya kuingia kwenye dashibodi, wakiwemo wafanyakazi wa muuzaji, na je, kila mmoja ana uthibitisho wa hatua mbili?
5. Masasisho yanaweza kuahirishwa au kujaribiwa kwenye tawi moja kabla ya kusambazwa kote?
6. Mkataba ukivunjika, mipangilio inaweza kunakiliwa na kuhamishiwa kwenye chapa nyingine?

Muuzaji anayejikanyaga kwenye la kwanza na la sita ameshatoa jibu.

Muhtasari

Faiawoli ya wingu huacha data ipite ofisini na kuhamisha usimamizi kwa mtengenezaji. Nguvu yake ni matunzo: viraka vya haraka, kanuni zinazofanana kila tawi, na kumbukumbu ya kila badiliko. Udhaifu wake ni utegemezi: hitilafu au udukuzi wa sehemu moja hugusa wateja wengi kwa mara moja, leseni hudai kila mwaka, na taarifa za mtandao hukaa mikononi mwa mwingine. Faiawoli inayosimamiwa ndani hurudisha mamlaka kwa mwenye biashara pamoja na kazi yote inayoambatana nayo, na historia ya MikroTik na FortiGate inaonyesha kwamba kazi hiyo isipofanywa, mamlaka hayamlindi mtu. Umeme, mkongo, dola na sheria za nchi zetu haziupi upande wowote ushindi, ila zinaongeza mambo ya kuandaa: betri, laini ya pili iliyo huru kweli, bajeti ya leseni, na ushauri wa kisheria.

Visa vya wingu kudukuliwa si sababu ya kutosha ya kulikimbia, kama ambavyo urahisi wake si sababu ya kutosha ya kulikumbatia. Mwenye biashara aanze kwa kumtaja kwa jina mtu atakayeweka viraka, atakayesoma tahadhari na atakayebadilisha manenosiri mwaka ujao. Kama mtu huyo yupo na analipwa kwa kazi hiyo, funguo zinaweza kubaki nyumbani. Kama hayupo, ni heri kulipia wingu macho yakiwa wazi kuliko kumiliki kifaa ambacho hakuna anayekitunza.